Kufundisha Piano na Kupiga Kinanda Kanisani Dodoma: Namna ya Kuzipatanisha Kazi Mbili

Anayekusudia kuishi Dodoma kwa kufundisha piano na kupiga kinanda kanisani aipange Jumapili kwanza, kisha siku nyingine ziifuate, kwa kuwa kanisani ndiko wazazi watakakomsikia kabla ya kumletea watoto, na ndiko wanafunzi wake watakakozoea kupiga mbele ya watu. Posho ya kanisa aghalabu ni ndogo, na pengine haipo kabisa. Kipato cha mwezi hutegemea ada za wanafunzi. Kwa hiyo, kabla hujakubali, kaa na mwalimu wa kwaya na kamati ya liturujia, au na mchungaji na wazee wa kanisa, muandike ni ibada zipi utakazopiga, mazoezi ya kwaya ni siku zipi, matengenezo ya kinanda ni jukumu la nani, na kama misa za harusi na jubilei hulipiwa na wenye shughuli. Kipengele cha harusi kisiachwe hewani. Jumamosi ni siku ya harusi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo watoto wana nafasi ya kujifunza; asiyeweka mpaka mapema ataahirisha masomo mpaka wazazi wachoke.

Ratiba ya masomo nayo ifuate mwendo wa mji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, wanafunzi wengi wa piano ni watoto wa watumishi wa umma, na wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, wazazi hao huchelewa kutoka kazini na mtoto hukosa wa kumleta. Katika miezi hiyo ni afadhali uwafuate nyumbani, ukitenga siku moja kwa mtaa mmoja, leo Kisasa na kesho Ilazo, la sivyo nauli ya bodaboda itaila ada yote. Ada ilipwe mwanzoni mwa mwezi.

Wengi watakaokuja kwako wametoka kwenye kwaya na wanasoma solfa, ingawa hawajui nota za mistari mitano. Usiidharau solfa yao. Mwanafunzi auimbe wimbo anaoujua kwa do, re, mi, aupige kwa mkono wa kulia do ikiwa C, kisha auhamishie G na F, na hapo ndipo umwonyeshe jinsi hatua alizokwisha kuzisikia zinavyopanda na kushuka kwenye mistari. Baada ya sauti ya kwanza (soprano) mpe besi, si alto, kwa sababu mpiga kinanda mwenye soprano na besi tu anaweza kuubeba mkutano mzima, ilhali mwenye soprano na alto hawezi. Kinanda cha vibonye 61 kinatosha kwa tenzi za mwanzo. Hata hivyo vibonye vyepesi havijengi nguvu ya vidole, kwa hiyo anayeendelea vizuri atafute mapema piano ya vibonye 88 vyenye uzito, hata kama ni ya mtumba.

Jambo linalowashinda wapiga piano wazuri wanapoketi kwenye kinanda cha kanisa ni kwamba mguso wake ni mwingine kabisa. Katika piano sauti hufifia yenyewe na pedali huiunganisha. Katika kinanda sauti hukaa pale pale ilivyo hadi kidole kinyanyuke, kisha hukatika mara moja, na kubonyeza kwa nguvu hakuongezi chochote. Mfundishe mwanafunzi kubadilisha vidole juu ya kibonye kilichoshikwa, ili mkono usogee bila sauti kukatika. Nota inayorudiwa katika sauti ya kwanza ainyanyue kidogo ili isikike mara mbili, na nota za katikati zisizobadilika azishike. Halafu apige huku akiimba kwa sauti, na anapovuta pumzi yeye, vidole navyo vipumue. Mpiga kinanda asiyeimba huwanyima watu pumzi, na mkutano uliokosa pumzi huburuta wimbo. Watu wakiburuta, usiwangoje wala usiwakimbie: baki kwenye mapigo yako na uzifupishe nota kidogo, nao watayasikia mapigo. Utangulizi uwe katika mwendo ule ule utakaoimbwa. Nimesikia nyingi zinazoanza mbio na kuishia kwenye wimbo wa polepole, na kosa hilo si la mkutano. Katika misa ya alfajiri sauti za watu bado ni nzito, hivyo shusha do kwa nusu toni au toni nzima. Kitufe cha transipozi, kinachopandisha au kushusha sauti zote za kinanda, kitakusaidia siku ya haraka, lakini anayekitegemea daima atakisahau kikiwa kimewashwa.

Kalenda ya kanisa uijue kama unavyoijua ratiba yako. Kwa Wakatoliki, Kwaresima yote kinanda hupigwa kwa ajili ya kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Na baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa mkesha wa Pasaka, kanuni huruhusu kusindikiza waimbaji tu, na penye desturi kinanda hunyamaza kabisa. Kwaya ianze kuzoeshwa kushika do bila msaada wiki kadhaa kabla. Kwa Waanglikana na Walutheri, muulize mchungaji desturi ya hapo.

Katika kanda hii utakutana na nyimbo za ibada zilizotungwa kwa mahadhi ya Kigogo, na hapo kinanda huhitaji adabu. Sauti za Wagogo, zile ambazo mwanamuziki Hukwe Zawose alizipeleka duniani kwa zeze na ilimba (marimba ya vidole), hufuata mlio wa asili unaozaliwa ndani ya uzi mmoja ukipigwa. Ile inayoitwa ta katika solfa, yaani ti iliyoshushwa nusu toni, huwa chini ya nota ya piano kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ukiibonyeza, waimbaji watavutwa kati ya sikio lao na kinanda chako, na wimbo utachacha. Shika do na soli katika besi, iache ta kwa waimbaji, na usichomeke kodi ya saba ya soli (soli, ti, re na fa kwa pamoja) mwishoni mwa kila mstari, maana sauti hizo hutembea sambamba kwa vipimo vya nne na tano. Ngoma na kayamba vikiwa vimeushika wimbo, nyamaza kabisa.

Ukame na vumbi vya Dodoma ni kazi nyingine. Mvua zikiisha, kuanzia Mei hadi Novemba mbao za piano hukauka na kusinyaa, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Iweke mbali na dirisha na ukuta unaopigwa na jua la jioni, ifunike kitambaa, na weka bakuli la maji sehemu ya chini ndani yake wakati wa kiangazi. Fundi aitwe hali ya hewa ikishatulia, si majira yanapobadilika. Kinanda cha umeme kipitishie stabilaiza, na usinunue adapta nyingine kabla hujalinganisha volti na alama ya chanya na hasi.

Wazazi wakidai vyeti, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi 1 hadi 8. Ngazi ya 6 na kuendelea kwa kawaida hudai kufaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake, na mitihani ya upigaji inaweza kufanywa kwa kurekodi video, jambo linalompunguzia mtoto wa Dodoma safari. Anayetaka kusomea muziki zaidi ataupata Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, au TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo.

Mwanafunzi akizimudu tenzi chache kwa sauti zote nne, mkabidhi wimbo wa komunyo, ambao watu huimba wakitembea na hawamtazami. Akiuzoea, mpe wimbo wa kutoka, kisha wa matoleo, ambao urefu wake hubadilika kila wiki. Wimbo wa katikati, yaani zaburi ya kuitikizana baada ya somo la kwanza, uwe wa mwisho kumkabidhi, kwa kuwa hapo hana budi kumfuata mwimbaji mmoja neno kwa neno.