Maktaba ya mji mdogo: nani aamue nini, na vitabu visipotee

Mji wa ukubwa wa Kibaigwa, Mpwapwa au Manyoni ukishapata chumba, rafu na shehena ya kwanza ya vitabu, kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza: kuandika nani ana mamlaka gani. Maktaba ndogo hufungwa mara nyingi kwa sababu ileile. Mwenye ufunguo kahamishwa, na hakuna karatasi inayosema nani aupokee.

Anzeni na umiliki. Jengo likiwa la halmashauri, vitabu ni mali ya umma, na mkurugenzi mtendaji ndiye anayewajibika kwa fedha na watumishi. Likiwa la msikiti, kanisa au kikundi, andikeni mkataba kabla ya kitabu cha kwanza kuingia: nani analipa umeme na mlinzi, mwenye jengo akitaka chumba chake atoe notisi ya miezi mingapi, na maktaba ikifungwa vitabu viende wapi. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kata. Ushauri wa kitaalamu uko Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 6 ya 1975. Walio Dodoma waanzie maktaba yake ya mkoa.

Kamati ya watu 7 inatosha: diwani, mwalimu wa msingi, mwalimu wa sekondari, mzazi, kijana asiye mwanafunzi, mtu mwenye ulemavu, na mkulima au mfanyabiashara. Angalau 3 wawe wanawake. Mkutubi ni katibu, hapigi kura. Akidi ni 4. Diwani asiwe mwenyekiti, kwani baraza huvunjwa kila baada ya miaka mitano kupisha uchaguzi, na kamati inayomtegemea hulala hadi baraza jipya liapishwe. Abaki mjumbe, maana ndiye atakayeitetea maktaba barazani. Muhula uwe miaka 3, ila mwanzoni pigeni kura ya bahati: 2 watoke baada ya mwaka mmoja, 2 baada ya miwili, 3 wamalize yote. Hivyo hamtapoteza kumbukumbu zote siku moja.

Kamati huamua saa za kufungua, sera ya vitabu, bajeti na malalamiko. Mkutubi huchagua vitabu ndani ya sera hiyo na kuendesha kazi za kila siku. Mpaka huu ukivukwa, kila mjumbe huleta orodha ya mwanawe, na rafu hujaa vitabu vya mitihani pekee. Mkulima wa alizeti au zabibu akiingia hakuti cha kusoma. Mjumbe naye huazima kwa kuandikishwa kama wengine, na hapewi ufunguo. Funguo ni mbili: moja ya mkutubi, nyingine kwa mtendaji wa kata ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi.

Bajeti ina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na Bunge la bajeti huanza Aprili, kwa hiyo ombi linalofika halmashauri Mei limeshachelewa. Lipitisheni Kamati ya Maendeleo ya Kata kufikia Oktoba, likitaja posho, umeme, magazeti, gundi, dawa ya mchwa, kisha vitabu. Faini za fedha tunazipinga. Malipo ya halmashauri hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Sarafu kwenye droo ni hoja ya ukaguzi inayosubiri siku yake. Aliyechelewesha kitabu siku 10 asiazime siku 10.

Sasa daftari, ambalo ndilo uti wa mgongo. Tumieni kaunta buku la jalada gumu lenye safu za namba, tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mwaka, kilikotoka, bei na maelezo. Kila nakala ina namba yake, hata zikija 40 za kitabu kimoja. Namba ya kitabu kilichopotea haitumiki tena. Kilichotokea huandikwa kwenye maelezo kwa wino mwekundu. Pigeni mhuri ukurasa wa jina, na tena ukurasa mmoja wa ndani ambao ni uleule kwa vitabu vyote, tuseme wa 17, kwa sababu mwizi huchana ule wa mbele. Kitabu kikichakaa msikitupe wala kukigawa: ombeni kibali cha maandishi cha kukifuta kwenye orodha ya mali.

Uandikishaji wa wasomaji uwe mwepesi: jina, mtaa, simu, na mdhamini mmoja. Nakala za vitambulisho hazihitajiki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haipendi mkusanye msichokihitaji. Nani kasoma nini asiambiwe mtu, hata mzazi akiuliza kwa upole.

Kuhusu mchwa, adui mkubwa wa Dodoma: rafu zikae sentimita 10 kutoka ukutani na 15 juu ya sakafu, miguu iwe ya chuma. Kila Jumatatu mpitishe tochi nyuma ya rafu kutafuta vinjia vya udongo. Mkikuta kimoja, toeni vitabu vyote vya rafu hiyo nje kabla ya kupiga dawa. Mchwa hula kuanzia nyuma, na mgongo wa kitabu huonekana mzima wakati ndani kimekwisha.