Somo la Jumamosi: mbuzi ya mezani kwa asiyeweza kuchuchumaa

Mbuzi ya nazi tuliyoizoea inamtaka mtu akae karibu na sakafu, magoti juu, mgongo umepinda. Kwa msichana hilo si neno. Kwa mama aliyechoka magoti, au mtu wa kiti cha magurudumu, kila nazi ni ya kuomba watu: mpaka mtoto wa jirani arudi madrasa ndipo tui lipatikane.

Darasa letu la Jumamosi hapa Langoni tulikuwa tumelipanga liwe la nakshi za milango, kwa kuwa Lamu inasifika kwazo. Siku ya kwanza mwanachama mmoja wa karakana akauliza, "Mlango ninao, mwalimu. Nazi nitaikuna vipi?" Nakshi zikasubiri.

Neno moja kuhusu mlango wa karakana yenyewe. Una kizingiti cha sentimita 10, na kizingiti hicho ndicho kilichokuwa kikiwazuia watu, wala si ugumu wa useremala. Kanuni ya mteremko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili: kupanda sentimita 10 unahitaji mteremko wa sentimita 120. Tulijaribu mfupi wa sentimita 60 ili tusizibe njia ya punda. Aliyepanda wa kwanza alirudi kinyumenyume. Sasa tuna wa 120, wa mbao, tunautoa darasani na kuurudisha ndani jioni.

Haya, tushike kazi.

1. Pima mtu kabla ya mbao. Fanyia nyumbani, kwenye meza utakayotumia. Kaa kama unavyokaa kila siku, kunja mkono, mtu akupime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Meno ya mbuzi yawe chini ya hapo kwa sentimita 5 hadi 10, maana mkono unakandamiza. Yakiwa juu sana bega litauma kabla nazi haijaisha. Pima pia nafasi ya magoti chini ya meza. Mwenye kiti cha magurudumu apimwe akiwa ndani ya kiti chake, si kwenye kiti cha mgeni.

2. Chagua mbao. Urefu sentimita 60, upana 15, unene 4. Sisi tunatumia vipande vya mabaki. Mbambakofi ni mzuri na mzito, ila utanoa patasi mara tatu. Mwembe unachongeka kama sabuni, lakini dumuzi wanaupenda, basi usiufungie stoo. Mvule ukiupata, vaa barakoa wakati wa msasa. Vumbi lake linawasha pua na ngozi. Epuka kipande chenye kifundo upande utakaokaa chuma.

3. Kata na piga randa. Hapa sina mengi. Uso wa chini uwe sawa kabisa. Ukiyumba mezani, utayumba milele.

4. Chora kwa kisu, si kwa penseli. Laza chuma cha mbuzi (kile chenye meno, wahunzi na maduka ya vyombo wanacho) juu ya mbao, meno yakitokeza nje, kisha pitisha ncha ya kisu kukizunguka. Mstari wa penseli unaonekana tu. Wa kisu unagusika kwa ukucha, na patasi ikifika hapo inaingia yenyewe.

5. Chimba kitanda cha chuma. Tuende polepole. Tunataka shimo lenye kina sawa na unene wa chuma, ili kikilala kisicheze kushoto wala kulia.

Funga mbao kwa klempu (vibanio) mbili. Hakuna anayeshika mbao kwa mkono mmoja na patasi kwa mwingine katika karakana hii, hata fundi wa miaka arobaini. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Anza milimita mbili ndani ya mstari. Simamisha patasi, igonge kwa nyundo ya mti, sogea sentimita moja, gonga tena, mpaka uwe na mikato iliyopangika kama ngazi. Sasa ilaze patasi, sukuma kwa kiganja, na vipande vitaruka kimoja kimoja. Rudia mpaka ufikie kina. Mwisho kabisa ndipo umalize zile milimita mbili hadi kwenye mstari, kwa mkono tu, bila nyundo.

Sikiliza sauti. Patasi kali inatoa mlio mfupi na maranda yanajikunja. Butu inakwaruza, nawe unaanza kuilazimisha; ikiteleza wakati huo, ndipo inapokata mtu. Ukisikia mkwaruzo, simama uende kwenye kinoo.

6. Kaza kwa boliti. Mbuzi yangu ya kwanza niliipiga misumari. Baada ya wiki chache za kusukwasukwa chuma kikaanza kucheza, na nazi nzima ikamwagika sakafuni mwa dada yangu, siku ya futari. Tumia boliti mbili za milimita 6 zinazopita mbao nzima, na washa (kile kipete bapa cha chuma) na nati upande wa chini. Toboa kwa keekee ya mkono, ukiweka mbao chakavu chini ili tundu lisipasuke linapotokea. Chimbia nati ndani zisikwaruze meza. Nunua boliti zisizoshika kutu. Hewa ya bahari haina huruma.

7. Msasa na mafuta. Pembe zote ziviringe. Paka mafuta ya kula, safu nyembamba, futa yanayobaki. Kuna aliyekuja na kopo la sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo vya baharini, akisema kama inalinda majahazi italinda na mbuzi. Ni kweli italinda. Lakini wali utanuka papa.

8. Ifunge mezani. Hapa ndipo nilipochekwa. Nilifunga meno yakimwelekea mkaaji, na mama mmoja akayatazama akasema, "Mwalimu, hii itanikuna mimi." Kaa kwenye kona ya meza. Mbao ilale sambamba na ukingo ulio mbele yako, chuma kitokeze ubavuni mwa meza, bakuli likae juu ya kigoda chini yake. Isitokeze zaidi ya sentimita 15. Funga klempu mbili, mbalimbali.

Maswali ya wanachama

*Meza yangu ni ya plastiki. Itafaa?* (Mama, Mkomani)

Hapana, mama. Itapinda ukikandamiza. Ukiwa na benchi zito la mbao, lete kipimo chake tuifunge hapo kwa boliti.

*Kwani msinunue mashine ya umeme mkapumzika?* (Kijana, Shela)

Mwenye nayo aitumie, hatugombani. Umeme ukikatika saa kumi na moja ya Ramadhani, atakuja kuazima.

*Ada ni kiasi gani?* (Mwanachama mpya, Matondoni)

Karakana haitafuti faida. Darasa halilipiwi, unalipia chuma na boliti. Nawe, kwa kuwa unatoka kwa waunda majahazi, ukija na vipande vya mbao vilivyobaki tutakushukuru zaidi ya pesa.

*Mwanangu ni kiziwi. Mtamfundishaje?* (Baba, Langoni)

Anayefundisha hasemi akiwa ameinamia mbao. Anaonyesha kwanza, mikono ikionekana, kisha anainua uso. Ishara ya kusimama ni kuzima na kuwasha taa mara mbili, na inatuhusu sote. Anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya tunamhitaji mezani. Sisi bado tunajifunza.

*Nina mkono mmoja. Kukuna naweza, kuvunja nazi siwezi.* (Mwanachama, Langoni)

Sokota kata ya kamba nene, kama ile ya kubebea mzigo kichwani, uiweke sakafuni au juu ya jiwe. Nazi ikikaa ndani ya kata haibiringiki. Igonge kwa mgongo wa panga katikati, izungushe kidogo, gonga tena. Weka bakuli karibu, maji yasipotee.

*Mimi mato hayaoni tena. Niliunda mashua miaka mingi. Kuna kazi yangu hapo?* (Mzee, Matondoni)

Ndoo, karibu, mzee wangu. Kila chombo kina mahali pake kwenye sinia: patasi kushoto, mpini ukikuelekea, kisu katikati, nyundo kulia, na hakuna anayeruhusiwa kuvihamisha. Vipimo tumevikata kwa nochi (vipengo vya kupapasa) kwenye kijiti. Halafu kuna vijana wanne hapa hawajui kusikiliza patasi. Nakuwekea nafasi kwenye meza yao.