SOMO: Kuingiza CSV kwenye Excel bila kupoteza sifuri za mwanzo

Wakuu, kila mwisho wa mwezi naletewa swali hilihili: "Mbona namba za simu zimekatwa sifuri?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtupia link.

1. Usibofye faili la CSV (data ya maandishi matupu, koma zikitenganisha safu) mara mbili. Excel itajiamulia ipi namba, ipi tarehe.

2. Fungua kitabu kitupu, nenda Data, From Text/CSV, chagua faili.

3. Bonyeza Transform Data, siyo Load.

4. Hapa tulieni. Kichwa cha kila safu kina kialama: 123 ni namba, ABC ni maandishi. Bofya cha safu ya simu, chagua Text. Utaulizwa Replace current au Add new step. Chagua Replace current! Ukichagua hiyo nyingine, safu inageuzwa namba kwanza, 0712 inakuwa 712, ndipo inafanywa maandishi. Utaona ABC, utaridhika, kumbe sifuri ilishaondoka. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) isiyo na vistari ni balaa zaidi: ina tarakimu 20, Excel hutunza 15 tu, zinazobaki hugeuzwa sifuri. Ukihifadhi juu ya faili la asili, imekula kwako. Wekeni nakala pembeni.

5. Close & Load.

Swali: Nimeweka Text kwenye Format Cells, sifuri hazirudi.
Jibu: Soma hatua ya 1.

Swali: Mkuu nina haraka, nipe njia fupi.
Jibu: Hiyo ndiyo fupi. Format Cells hairudishi kilichofutwa. Rudi kwenye CSV ya asili.

Swali: Zangu zinaanza na 255, zinaonekana 2.55712E+11. Nazo zimeharibika?
Jibu: Umeuliza la maana, dada. Hapana, ni tarakimu 12, zote zimo. Kwenye Format Cells weka Number, desimali 0. Ila fanya hivyo kabla ya kuhifadhi tena kama CSV, maana CSV huandikwa kama inavyoonekana kwenye skrini.

Swali: 03/04 imekuwa Machi 4?
Jibu: Mashine yako inasoma Kimarekani, mwezi mbele. Kwenye kialama cha safu ya tarehe (hatua ya 4) chagua Using Locale, Date, Kiingereza cha Uingereza, kisha Replace current. Usisubiri Error ikushtue: tarehe 13 na kuendelea ndizo huileta, 1 hadi 12 hupita kimya.

Mdau: Sisi wa LibreOffice (programu mbadala wa Excel) tunabofya mara mbili bila wasiwasi, dirisha la kuchagua aina ya safu linakuja lenyewe.
Jibu: Kweli, ila msibonyeze OK kabla ya kuchagua.