Kulala porini bila kulowa: hivi ndivyo mimi najipanga kabla ya kupanda Mlima Elgon

Watu wakisikia unaenda kulala porini swali la kwanza ni simba. Mimi nimetembea na vikundi vya vijana miaka kadhaa sasa huku Uganda, maporomoko ya Sipi, Mlima Elgon, hifadhi ya Ziwa Mburo, na bado sijaona mtu safari yake imeharibiwa na simba, ila walioharibiwa na maji ni wengi na mimi mwenyewe nimo. Kwa hiyo hapa nitawaeleza zaidi jinsi ya kulala mkavu.

Hatua ya 1, chagua majira. Mvua kubwa zetu ni Machi mpaka Mei halafu Septemba mpaka Novemba, basi kama ndio unaanza nenda Disemba mwishoni mpaka Februari, au Juni na Julai. Ila ujue Elgon haina kalenda, Januari saa nane mchana inaweza ikakupiga mvua ukashangaa. Na usianzie juu kabisa. Lala Sipi usiku mmoja kwanza, pale ni karibu mita 1,800 tu, ukishindwa unaita boda unaenda kulala kwenye kitanda na hakuna wa kukucheka.

Hatua ya 2, lala uani kwako kwanza. Hii watu wanaidharau sana. Simamisha hema nyumbani, mtu mmoja aingie ndani na tochi, wewe chukua jerikeni ya lita 20 mwagia juu polepole hasa kwenye mishono. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mama mwenye nyumba alitoka mbio kuuliza nani amefariki, maana kwetu tenti uani ni msiba au sherehe, hakuna la tatu. Pakivuja, kausha vizuri, paka gundi ya mishono, acha ilale usiku mzima. Ukiikosa gundi funga turubai juu ya hema, upande mmoja uwe chini kuliko mwingine maji yasituame.

Turubai la chini, lile unalotandika chini ya hema, ndilo lililonifundisha adabu. Kwenye kambi ya Elgon inayoitwa Sasa, mita kama 2,900, nilitandika turubai kubwa kuliko hema nikajiona mjanja, kumbe ile sehemu iliyotokeza nje inakinga maji kama sinia halafu inayapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Saa nane usiku nimeamka shati limeshika mwili, begi la kulalia zito kama mtoto aliyelala, nikakaa nimejikunja mpaka asubuhi nikihesabu meno yanavyogongana. Siku hizi nakunja kingo zote kwa ndani, halafu nazunguka hema na tochi, nikiona hata kidole kimoja cha turubai kinachungulia narudia.

Hatua ya 3, nguo. Jinzi acha nyumbani. Pamba inanyonya maji na haikauki, na ukiwa juu nguo iliyolowa inakunyang'anya joto lote la mwili. Piga hesabu: kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama digrii 6. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi na kambi ya Mude kule Elgon iko 3,500, kwa hiyo usiku wa digrii 17 huku kwetu, kule ni kama digrii 3. Nenda soko la Owino hapa Kampala, kwenye mivumba (mitumba), tafuta sweta za flisi na soksi za sufu, utapata nzuri tu na bei mnaelewana. Halafu tenga seti moja ya kulalia, iweke kwenye kavera (mifuko ya plastiki) mbili, funga fundo. Seti hiyo haivaliwi mchana hata ulowe vipi! Asubuhi unairudisha kwenye kavera unavaa tena zile mbichi za jana, ndio inauma, lakini ukishatembea dakika kumi mwili unapata moto.

Hatua ya 4, moto na chakula. Kiberiti kiweke kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, na ubebe vipande vya tyubu ya baiskeli, vinawaka hata vikiwa vimelowa. Moshi wake mbaya, ni wa kuwashia tu, usichomee nyama. Ukiwa ndani ya hifadhi muulize renja (askari wa hifadhi) kwanza kama kuni zinaruhusiwa, mimi nabeba jiko dogo la gesi, mambo yanaisha. Na tafadhali sana, hata baridi iwe ya kufa mtu, sigiri ya makaa isiingie ndani ya hema. Ile hewa ya makaa haina harufu, unasinzia tu na huamki.

Maharage pia msibebe jamani. Kwenye mita 3,500 maji yanachemka kwenye digrii kama 88 tu, utapika mpaka gesi iishe na bado yanakwaruza. Beba karanga, chapati, tambi, uji. Maji ya kunywa ya mto yaache yachemke dakika 3 nzima.

Hatua ya 5, mahali pa kulala. Hema liwe limesimama kufika saa kumi na moja jioni, giza letu halibishi hodi. Epuka vijito vilivyokauka, angalia njia za siafu, na chakula kisilale nawe ndani. Ziwa Mburo viboko wanatoka usiku kula majani, ukimsikia anatafuna karibu tulia ndani, na ukiwa nje usisimame kati yake na maji.

Hatua ya 6, watu. Hifadhi ya Elgon hupandi peke yako, unajiandikisha kwa Uganda Wildlife Authority (mamlaka ya wanyamapori) pale Budadiri au Mbale na unapewa renja. Mwachie mtu nyumbani siku ya kurudi. Simu izime, betri inakufa haraka kwenye baridi, lala nayo ndani ya begi la kulalia. Filimbi shingoni, mipulizo mitatu ni kuomba msaada. Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, kiko mita 4,321, kichwa kikikuuma halafu ukaanza kutapika ujue ni ugonjwa wa mwinuko, mwambie renja mshuke, kilele kitakuwepo mwakani.

Hatua ya 7 inafanyika nyumbani. Hema ulilokunja na umande lianike siku hiyo hiyo, hata kama umefika saa tatu usiku, tandaza sebuleni juu ya viti. Langu la kwanza niliacha kwenye begi wiki mbili, ukungu ukaota, nikalifulia omo, na tangu siku hiyo likawa linapitisha maji kama chujio la chai.