Ile si pipi: kwa wanaoondoka Mwanza kwenda nchi za bangi halali

Naandika nikiwa Kirumba, barazani kwa mama. Ndani binti wa shangazi yangu anafunga mabegi. Kesho anaruka kwenda Dar, kisha Kanada kusoma. Shangazi ameshamsokomezea dagaa wa kutosha kijiji kizima. Jana usiku, wakubwa walipokwenda kulala, akanisogelea: "Kaka, eti kule bangi inauzwa dukani kama pipi?" Nikamwambia ndiyo. "Na wewe umewahi kula?"

Nimewahi. Nikalazwa kitandani hospitali usiku mzima kwa ujinga wangu mwenyewe, nikalipa na bili. Sasa nimwandikie yeye, na ninyi wengine msomao hapa mkiwa na viza mkononi.

Sikutumi ule, na sikukatazi; mtu mzima ana akili zake. Ila mwaka wa kwanza utakutana nayo, sebuleni kwa mtu au kwenye sherehe ya kazini, na hakuna atakayekueleza. Wenyeji wanadhani unajua. Wa kwetu wanaona aibu.

Yangu yalinikuta Hamilton, jimbo la Ontario, majira yangu ya kwanza ya baridi. Kanada waliruhusu bangi Oktoba 2018, na ya kula ikaruhusiwa mwaka uliofuata. Mwenzangu wa kazini akanipeleka dukani. Duka liko kati ya muuza mikate na daktari wa meno, taa nyeupe, sakafu inang'aa. Kitambulisho wanakagua: Ontario ni miaka 19, Alberta 18, Quebec 21. Paketi ni ngumu kufungua, ina alama nyekundu yenye jani na herufi THC, yaani ile kemikali ya bangi inayolewesha. Ndani vipande viwili vya kutafuna, kila kimoja miligramu 5 za THC. Jumla 10, ndicho kiwango cha juu ambacho sheria yao inaruhusu kwa paketi moja.

Saa moja jioni nikala kimoja. Kitamu, kama jojo za utotoni. Saa moja na dakika arobaini, kimya. Nikajiona nimeuziwa sukari. Nikala cha pili. Saa mbili na dakika kumi bado niko mzima kama kiboko, yule mwenzangu akacheka, akanipa kimoja chake. Hesabu mwenyewe: miligramu 15, kwa mtu ambaye hata sigara hajawahi kuvuta.

Saa tatu kasoro robo vyote vitatu vikaanza kufika, kimoja nyuma ya kingine. Moyo ulipiga kama ngoma ya bugobogobo siku ya Bulabo, ile sherehe ya Wasukuma. Nilikuwa naanza sentensi, nikifika katikati nimesahau mwanzo wake. Ukuta ulisogea. Nikaamini kabisa kwamba nakufa, na kilichoniuma zaidi ni kufikiria kundi letu la WhatsApp wakianza kuchangishana kunisafirisha Mwanza, na yule mweka hazina wetu ninavyomjua.

Ndiyo mtego wenyewe huo. Nitaurudia hadi uchoke: usiongeze. Bangi ya kuvuta inapanda dakika chache tu, mtu anajijua amefika wapi. Ya kula inapita tumboni kwanza, inaingia kwenye ini, na ini linaigeuza THC kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi kichwani. Safari hiyo inachukua nusu saa kwa mmoja, saa mbili kwa mwingine. Kilele kinaweza kuja saa ya nne tangu ulipokula. Inaweza kukaa saa 12, na uzito wa kichwa ukaendelea hadi kesho yake. Kwa hiyo dakika ya arobaini, unaposema "haijanikamata", hujui lolote bado. Iko njiani. Ukiongeza, unaongeza juu ya kitu ambacho hakijafika.

Usiongeze saa ya kwanza. Usiongeze saa ya pili. Mimi leo nasema usiongeze usiku huo kabisa; kama haikukupa kitu, lala, kesho nayo ni siku.

Anayeanza aanze na miligramu 2.5 au chini ya hapo. Hicho ndicho kiwango wanachoshauri watu wa afya wa Kanada wenyewe. Maana yake nusu ya kipande cha 5. Kule Colorado, Marekani, kipande kimoja ni miligramu 10 na paketi inafika 100, kwa hiyo hapo ni robo ya kipande, na ukikata kwa kisu usitegemee kila robo iwe sawa na mwenzake. Kula nyumbani, siyo kwenye sherehe. Awepo mtu mmoja ambaye hajala. Usichanganye na pombe, hata bia moja. Usiendeshe gari, usiku huo wala asubuhi inayofuata kama kichwa bado kizito. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo, na yeyote ambaye kwao kuna historia ya kuchanganyikiwa akili, hii aipite. Anayemeza dawa kila siku, hasa za kuyeyusha damu, amuulize mfamasia. Kule wanaulizwa na hawashtuki.

Keki na biskuti zilizopikwa na mtu jikoni kwake usiguse. Hakuna ajuaye kipande chako kimebeba ngapi, hata mpishi. Zile paketi za mtandaoni zilizoandikwa miligramu 500 na picha za katuni nazo ni za magendo, siyo za dukani.

Turudi Hamilton. Mwenzangu aliogopa akapiga 911, namba yao ya dharura. Gari likaja. Muuguzi akaniuliza kwa upole, "Umekula nini leo?" Mimi, mtoto wa Kirumba, akilini mwangu nikaona askari mlangoni, nikaona na barua ya uhamiaji. Nikajibu: samaki. Nimekula samaki aliyeharibika.

Jamani. Kwa ajili ya yule samaki walinipima moyo, wakanitoa damu, wakaniwekea dripu, wakanipima tena. Masaa karibu saba, usiku wao na wangu. Alfajiri, bangi ilipoanza kupungua kichwani, nikasema ukweli. Muuguzi hakukasirika hata kidogo, alichoka tu. Akaniambia ningeyasema hayo mlangoni ningepewa chumba chenye giza, maji na mtu wa kunichungulia. Sasa shika hili: kule bangi ikiwa halali, mhudumu wa afya anataka kujua ulikula nini, kiasi gani na saa ngapi, ili akutibu. Hatawaita polisi. Sema ukweli mlangoni. Ile tabia yetu ya kumficha daktari kwa kuogopa atamwambia shangazi, iache hapa hapa Mwanza.

Bili ya gari la wagonjwa ilikuja kwa posta. Ontario mwenye bima ya jimbo analipa dola 45. Daktari akiona haikuwa dharura, au ukiwa huna bima hiyo, ni 240. Mimi nililetewa ya 240.

Ukizidiwa lakini unapumua vizuri na unaongea, kaa pahala patulivu, kunywa maji, mwambie mwenzako asikuache. Itaisha; itachelewa, lakini itaisha. Kituo cha sumu cha Kanada namba yake ni 1-844-764-7669, mchana na usiku. Maumivu ya kifua, kuzimia, kupumua kwa shida, kutapika kusikokoma: hapo ni 911 bila kujiuliza. Mtoto mdogo akila, hata kipande kimoja, usisubiri dalili. Piga simu papo hapo.

Nilipona, na nikajifanya nimekuwa fundi. Mwaka jana nilinunua tena, nikala nusu kipande kama inavyotakiwa, nikalala vizuri. Kilichobaki nikakisahau kwenye mfuko wa koti la baridi. Koti nikalikunja sandukuni, nikaja nyumbani.

Mnajua sanduku la mjomba kutoka ng'ambo linavyopokewa. Nimekaa hapa hapa barazani nakula sato, ndani watoto wa dada wameshalifungua wanatafuta pipi. Nikasikia kimya, ule ukimya wa watoto wanaofanya jambo. Nikaingia. Wa miaka sita ameshika ile paketi, anaing'ata kona kwa meno ya pembeni. Ule ugumu wa paketi nilioulaani Hamilton ndio uliomwokoa. Nikamnyang'anya, akalia, mama akaniuliza kwa nini namnyima mtoto pipi. Nikaenda chooni nikazitumbukiza shimoni, paketi na vyote, mikono ikitetemeka kuliko ule usiku wa hospitali.

Maana nilikuwa nimepita viwanja vitatu vya ndege na kifungo cha jela mfukoni. Tanzania bangi ni dawa ya kulevya, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina mlango wa "lakini nilinunua dukani, risiti hii hapa". Kuwa ndani ya pipi hakuibadilishi. Tena kosa linaanza hata kabla hujafika: Kanada wenyewe hawaruhusu kuvusha bangi mpakani, kuingia wala kutoka, ya aina yoyote, hata yale mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, yasiyolewesha.

Kwa hiyo wapendwa wa nyumbani, naomba tusikilizane. Mdogo wangu uliyeniandikia "bro niletee mbili tatu nionje", unaniomba nikafungwe ili wewe uonje. Na mama zetu, shikamooni, najua kuna ujumbe unazunguka kwamba mafuta ya bangi yanaponya magoti. Mwanao hawezi kuyapakia. Asipoyaleta hajakutupa. Goti tulipeleke hospitali.

Kabla ya safari ya kurudi, geuza mifuko yote. Koti, begi la mgongoni, kipochi cha mswaki. Geuza nje ndani. Halafu geuza tena.

Kuhusu makaratasi nisemee kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumia kimya kimya. Marekani majimbo mengi yameruhusu, serikali kuu haijaruhusu, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Asiye raia anaweza kukwama kwenye ombi la uraia kwa kutumia kitu ambacho jirani yake mzaliwa anakila mbele ya polisi. Idara yao ya uhamiaji iliyaweka hayo kwa maandishi mwaka 2019. Hata kufanya kazi kwenye kiwanda au duka la bangi kunaweza kukuharibia. Ukiwa Kanada unavuka kwenda Marekani, ukakiri kwa ofisa wa mpakani kwamba uliwahi kutumia, anaweza kukurudisha; kumdanganya nako ni kosa jingine. Kanada yenyewe, ukikutwa unaendesha umelewa bangi, tangu Desemba 2018 kosa hilo lina adhabu inayoweza kufika miaka 10, na kwa mwenye ukaazi wa kudumu hilo linatosha kumtikisia ukaazi. Uingereza bangi bado ni jinai. Ujerumani wamelegeza tangu Aprili 2024, lakini za kula hazikuingia kwenye ruhusa hiyo.

Na kazi. Wengi wetu tunaendesha malori, tunatunza wazee, tunabeba mizigo ghalani. Mkojo hukumbuka bangi siku nyingi baada ya kichwa kusahau, kwa anayetumia mara kwa mara hata wiki kadhaa. Dereva wa lori la kuvuka mpaka anapimwa kwa kanuni za Marekani. Jua sera ya mwajiri wako kabla hujaijua ladha.

Mimi wenyeji wa kule nawapenda, lakini kuna jambo lao sijalizoea. Kitu kikishawekewa kodi na kibandiko, wanaona kimeshamalizika kuelezwa. Yule kijana wa dukani aliniuzia kwa tabasamu, akanitakia jioni njema, hakusema neno kuhusu kusubiri. Kila kitu kiliandikwa kwenye paketi, ni kweli, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa. Kwao mtu mzima ni yule anayesoma maandishi madogo. Kwetu hata anayeuza dawa ya minyoo stendi ya Nyegezi atakushika mkono akueleze kutwa mara ngapi, kabla ya kula au baada, na utajisikiaje, hadi basi likuache. Namkumbuka sana yule mtu.

Halafu wanakula peke yao, kila mmoja chumbani na vipokea sauti masikioni. Sijui kama hiyo ni starehe au ni baridi tu.

Binti ameniita nimsaidie kukalia sanduku lifunge. Nimemwambia akirudi likizo asihangaike kubeba pipi za watoto kutoka huko. Pipi zipo duka la hapa mbele, anunue akishashuka kwenye bajaji.