Kupanga siku ya kazi ili ushuhuda wa wakimbizi usikuachie kiwewe

Anayesikiliza simulizi za mateso kila siku huweza kupata dalili zinazofanana na za mwathirika mwenyewe: jinamizi, kushtuka ovyo, picha za matukio ambayo hakuyashuhudia, kukwepa faili fulani. Usichanganye hali hii na uchovu wa kazi. Uchovu hujengeka polepole na mapumziko huupunguza. Kiwewe cha kusikia chaweza kuzuka baada ya kusikiliza shauri (kesi) moja tu.

Anza na ratiba. Mahojiano mawili mazito yasifuatane. Katikati weka kazi ya makaratasi au angalau dakika 15 nje ya chumba. Lililo zito kuliko yote lisiwe la mwisho, maana utalala nalo. Soma faili mapema, uulize yale tu ambayo shauri linahitaji. Kudadisi undani usio na kazi humuumiza msimuliaji, kisha hukuumiza wewe.

Mkalimani ndiye anayesahaulika, na hilo ni kosa zito. Yeye hutamka "walinipiga" na "walimuua mwanangu" kwa kinywa chake mwenyewe, na pengine alikimbia vita hivyohivyo. Mjulishe mada kabla ya kuingia, mkubaliane ishara ya kuomba kusimama, kisha mkae dakika 10 baada ya kikao. Dakika hizo zilipwe.

Ukihitaji kuutua mzigo, usimmwagie mwenzako kwenye korido. Omba kwanza: "Nina jambo zito, unaweza kulisikia sasa?" Akisema hapana, mtafute mwingine. Akikubali, eleza ulivyoguswa na unachohitaji; majeraha yenyewe na majina yaache. Bila hivyo shauri moja huweza kuumiza ofisi nzima.

Wasimamizi, msiilazimishe timu kusimulia upya janga katika kikao kimoja mara baada ya tukio; Shirika la Afya Duniani halipendekezi njia hiyo. Afadhali kila mfanyakazi awe na saa moja ya mazungumzo ya faragha kila wiki mbili, isiyohusiana na tathmini ya utendaji. Wawe nayo wote, la sivyo anayeitwa ataonekana dhaifu na wengine wataficha.

Dodoso la ProQOL, linalopima jinsi kazi ya kuwasaidia wengine inavyokuathiri, lenye maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, hufaa kujazwa kila robo mwaka. Halitambui ugonjwa; linaonyesha mwelekeo. Dalili zikipita mwezi, au ukinywa pombe ili upate usingizi, muone mtaalamu wa afya ya akili. Mawazo ya kujidhuru yasisubiri hata siku moja. Ukirejea kazini, anza na mashauri mepesi kwa wiki kadhaa.