Chai imemwagika kwenye laptopu: cha kufanya kabla hujaja kwa fundi

Wengi wanaoniletea mashine zilizolowa wanaanza hivi, "fundi, jana iliwaka vizuri tu." Sasa hapo kwenye kuwasha ndo ulipoiua. Maji hayana haraka, umeme ukipita kwenye bodi (ule ubao wa saketi ndani ya mashine) ikiwa mbichi ndo shoti yenyewe.

1. Zima. Usihangaike na menyu, shikilia batani ya pawa kama sekunde 10 hadi ife kabisa. Chaja, zima swichi ya ukutani kwanza halafu uchomoe. Flashi na mausi toa.

2. Ifungue uipindue juu ya taulo, kibodi iangalie chini, ikae kama hema. Usiitikise, utayatembeza maji yafike ambako hayajafika.

3. Betri. Za zamani unasukuma tu kile kifungio zinatoka, za siku hizi ziko ndani kwahiyo fungua skrubu za chini (ziweke kwenye kisosi, zinatofautiana urefu) halafu chomoa konekta ya betri (plagi yake ndogo) pale kwenye bodi kwa kucha au kipande cha plastiki, usitumie chuma. Watu wanairuka sana hii, wanaona si nimeshazima, kumbe hata ikizimwa kuna umeme kidogo unabaki kwenye bodi na penye unyevu pini zinaliwa taratibu. Kuna kijana wa chuo alimwagia soda akaifukia kwenye mchele siku tatu betri ikiwa ndani, kuifungua nakuta punje imekwama kwenye feni na konekta ya kibodi ina kutu ya kijani. Mchele pikeni pilau jamani.

4. Kama ni maji ya bomba, iache wazi mbele ya feni ya kawaida siku mbili hivi. Draya ya saluni hapana, juani hapana. Ila chai ya maziwa, soda, supu au maji ya bahari vikikauka vinaacha sukari na chumvi, kwahiyo bodi lazima isafishwe kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki laini, unasugua polepole kwenye konekta zote na kuzunguka chipu. Inashika moto haraka, usifanyie jikoni. Kama mkono wako mzito, hapa mwachie fundi.

5. Ikikauka kabisa rudisha betri, washa. Betri ikiwa imevimba usiirudishe, tafuta nyingine. Herufi zikijiandika zenyewe ujue kibodi ndo imekufa, shukuru, kubadilisha kibodi ni nafuu kuliko bodi. Ikigoma usiibonyeze mara ishirini, ilete, na useme ukweli nini kilimwagika, mashine nyingi zina vistika vyeupe ndani vinavyogeuka vyekundu vikilowa kwahiyo ukisema "imejizimia tu" nitakuona.

Na ikiwaka usikimbilie muvi, hamisha mafaili yako kwanza, maana nyingine inawaka leo inakufa wiki ijayo.